Kutafuta Kazi Ujerumani Ukiwa Mgeni: Mwongozo Kamili wa Mtu Aliyetuma Maombi 143

Wadau, kuna neno moja la Kijerumani nililielewa vizuri kabla hata sijajua kuuliza bei ya nyanya, nalo ni leider. Maana yake kwa bahati mbaya, na ukifungua imeili ya kampuni ukalikuta mstari wa pili usihangaike na mistari iliyobaki, funga simu kanywe chai. Mi nina daftari nilikuwa naandika kila ombi ninalotuma, ni 143 ndani ya miezi 13. Walionipa leider ni 88, 46 hawajajibu mpaka leo, 9 waliniita intavyuu, na kati ya hao 9 mmoja ndo aliyenipa kazi.

Nimetokea Tanga, nikaja Leipzig kusoma masta ya ugavi, nikamaliza nikijua hapa nimetoboa maana kila siku kwenye taarifa ya habari Wajerumani wanalia hawana wafanyakazi, sasa mimi huyu hapa, cheti cha kwao wenyewe mkononi, si watanigombania? Wapi! Mwezi wa saba bado nilikuwa nabeba boksi ghalani zamu ya usiku, mtu wa masta ya ugavi anagavi kwa mgongo.

Kilichonifumbua macho ni dada mmoja wa HR, tulifanya intavyuu nzuri kabisa halafu wakanikataa, nikampigia simu kuuliza shida ilikuwa nini. Kumbe alikuwa mkweli. Akasema ulifanya vizuri, ila bosi ameona kibali chako kinaisha Septemba, hajui baada ya hapo inakuwaje, na hana muda wa kuanza kujifunza sheria za wageni, akamchukua mwingine. Basi. Nikakaa kitandani nikajiuliza hao waliotangulia wangapi walinikata kwa sababu hiyohiyo bila kusema. Ukiangalia vizuri ni mduara, mwajiri anataka kuona kibali kirefu ndo akupe mkataba, ofisi ya wageni inataka kuona mkataba ndo ikupe kibali kirefu, na wewe uko katikati unarushwa kama mpira wa chandimu. Mwongozo huu wote nauandika kwa ajili ya kuukata huo mduara, mengine ya kuvaa vizuri na kutabasamu mtayapata popote.

Hatua ya 1: Jua saa yako inaisha lini na inakuruhusu nini

Kabla ya CV, kabla ya chochote, toa kile kikadi chako cha ukaazi na ile karatasi ya kijani inayokuja nacho, soma kila neno. Watu wengi tunaishi na kibali miaka miwili hatujawahi kusoma kimeandikwaje.

Kama umesoma chuo cha hapa na umemaliza, unapata miezi 18 ya kutafuta kazi inayoendana na elimu yako. Hiyo miezi 18 haiongezwi hata ulie. Uzuri wake ni kwamba ndani yake unaruhusiwa kufanya kazi yoyote, masaa yoyote, na huo uzuri ndo mtego wenyewe, nitaurudia huko chini kwenye boksi.

Kama bado ni mwanafunzi, unaruhusiwa siku 140 kamili kwa mwaka au nusu siku 280, au uhesabu kwa masaa 20 kwa wiki kipindi cha masomo. Tumia huo muda kupata kazi ya wanafunzi kwenye fani yako, hata kama inalipa kidogo kuliko kuosha vyombo. Najuta sana hapa, miaka miwili nzima niliosha vyombo.

Kama uko nyumbani bado, Dar, Mombasa, Bujumbura, popote, kuna kitu kinaitwa Chancenkarte kilianza tarehe 1 Juni 2024. Ni kibali cha kuja kutafuta kazi hadi mwaka mmoja. Kwanza uwe na digrii au mafunzo ya ufundi ya angalau miaka miwili yanayotambulika kwenye nchi yako, halafu Kijerumani cha A1 au Kiingereza cha B2 (hizo ni ngazi za lugha, A1 ndo ya chini kabisa, halafu A2, B1, B2, C1, mpaka C2). Baada ya hapo wanakuhesabia pointi, unatakiwa ufikishe 6: umri usiozidi miaka 35 ni pointi 2, uzoefu wa miaka mitano ndani ya saba iliyopita ni 3, miaka miwili ndani ya mitano ni 2, Kijerumani A2 ni 1, B1 ni 2, B2 na kuendelea ni 3, Kiingereza C1 kinakuongezea 1, fani zenye uhaba 1. Na lazima uonyeshe hela ya kuishi, kwa mwaka 2025 ilikuwa euro 1,091 kwa kila mwezi, yaani mwaka mzima zaidi ya euro 13,000 kwenye akaunti maalumu inayokutolea kidogokidogo. Hiyo hela inabaki yako, sio ada. Ukishafika unaruhusiwa kibarua cha masaa 20 kwa wiki, na kufanya kazi za majaribio hadi wiki mbili kwa kila mwajiri. Ushauri wangu kwa mtu wa nyumbani, usije na A1 ukategemea utajifunzia huku. Mwaka mmoja unakimbia vibaya sana na nusu yake utaitumia kutafuta chumba.

Andika tarehe ya kuisha kibali ukutani. Halafu hesabu miezi mitatu nyuma, hiyo ndo tarehe yako ya kweli.

Hatua ya 2: Vyeti

Hapa sikawii. Kama digrii yako ni ya nyumbani, ingia kwenye tovuti inayoitwa anabin, tafuta chuo chako. Kikiwa na alama H+ uko vizuri, halafu angalia na kozi yako nayo ipo. Kozi isipokuwemo, omba tathmini ya cheti kwenye ofisi yao ya ZAB, ada euro 208, na uombe mapema kabisa. Udaktari, unesi, ualimu, hizo ni fani zenye leseni, bila kutambuliwa rasmi huwezi kufanya hata uwe bingwa Muhimbili nzima, na njia yake ni ndefu, inataka mwongozo wake peke yake. Ugavi, kompyuta, uhasibu, masoko, hazina leseni, mwajiri akikukubali imetosha upande huo. Kuna ushauri wa bure kabisa wa mambo ya kutambuliwa vyeti chini ya mtandao unaoitwa IQ, usimlipe mtu.

Tafsiri za vyeti zifanywe na mtafsiri aliyeapishwa. Shemeji yako anayejua Kijerumani hahesabiki.

Hatua ya 3: Kijerumani, na tusidanganyane

Utaambiwa Berlin watu wanafanya kazi kwa Kiingereza. Ni kweli, wapo, na kila mgeni mwenye Kiingereza wa dunia nzima anaomba hizohizo nafasi chache, Mhindi mwenye uzoefu wa miaka kumi, Mbrazili, Mnaijeria, wote mko foleni moja. Siku nilipopata B1 idadi ya matangazo niliyoweza kuomba iliongezeka, ila simu zilianza kuita nilipokuwa najiandaa na B2. Sina ushahidi wa kisayansi, nina daftari langu tu.

Nyumbani Goethe-Institut ipo Dar na ipo Nairobi. Huku kuna shule za jioni za manispaa zinaitwa Volkshochschule, bei nafuu kuliko shule binafsi. Na ujifunze kwa mdomo, sisi tunapenda sana kujaza mazoezi ya kitabu halafu simu ikiita tunaikata. Mi nilikuwa naiangalia inaita mpaka inakata yenyewe, halafu natuma imeili kusema samahani nilikuwa kwenye kikao. Kikao na nani?

Na kitu cha kusoma vizuri ni lugha ya matangazo yenyewe. Ile m/w/d mbele ya kila kazi, mwanzo nilidhani ni daraja la mshahara, kumbe ni kusema kazi iko wazi kwa mwanaume, mwanamke au jinsia nyingine. Ukiona verhandlungssicher wanataka Kijerumani cha kubishania mikataba, hapo kama una B1 pita. Ukiona von Vorteil au wünschenswert maana yake ingekuwa vizuri, yaani sio lazima, OMBA. Nilipoteza miezi nikidhani kila kilichoandikwa ni sharti. Mjerumani akitimiza vitu sita kati ya kumi anaomba bila aibu, sisi tunatimiza tisa tunajiona hatufai.

Hatua ya 4: Karatasi ya mwajiri

Hii ndo hatua niliyokuja kuwaambia. Baada ya ile simu ya dada wa HR nilikaa siku mbili nikaandika ukurasa mmoja wa Kijerumani, nikampa mwalimu wangu wa jioni anisahihishie, na kuanzia siku hiyo kila ombi nililotuma liliambatana nao. Kati ya intavyuu 9, 6 zimekuja baada ya hiyo karatasi, kwenye maombi 40 tu ya mwisho. Piga hesabu mwenyewe.

Ndani yake niliweka hivi. Mstari wa kwanza, nina kibali gani, kinaisha tarehe gani, na kwamba kinaniruhusu kuanza kazi hata kesho bila kuomba ruhusa kwa mtu. Hapo bosi anashusha pumzi. Halafu nikaeleza nikipata mkataba nitaomba kibali kipi, kwamba anayeomba ni mimi na ada nalipa mimi, kampuni haiendi ofisi yoyote. Halafu kazi ya kampuni ni nini hasa, ambayo ni kusaini mkataba na kujaza fomu moja inaitwa Erklärung zum Beschäftigungsverhältnis, inauliza masaa, mshahara, cheo, vitu ambavyo HR wanavyo tayari. Fomu nikaiambatanisha kabisa, sehemu zangu nimeshajaza. Halafu nikaandika kwamba nikipeleka maombi kabla kibali cha sasa hakijaisha, sheria inakihesabu kinaendelea mpaka ofisi itoe uamuzi, na ofisi inatoa karatasi ya kuthibitisha hilo, inaitwa Fiktionsbescheinigung, kwa hiyo hakuna siku nitakayokaa nyumbani kusubiri. Mwisho nikaweka anwani ya tovuti ya serikali ya Make it in Germany ili wasiamini mdomo wangu tu.

Unaona ulivyo? Umechukua hofu yote ya bosi ukaifanya ukurasa mmoja anaoweza kuusoma akinywa kahawa. Maana makampuni makubwa wana wanasheria wanajua haya mambo, lakini kazi nyingi za Ujerumani ziko kwenye makampuni madogo ya watu 40, 60, huko vijiji vya viwandani, ambao hawajawahi kuajiri mtu wa nje ya Ulaya, na wakisikia Ausländerbehörde, hiyo ofisi ya wageni, wanaogopa kuliko wewe.

Kwa walioko nyumbani karatasi yenu iwe na kitu cha ziada. Kuna utaratibu wa haraka ambao mwajiri, kwa idhini yako, anauanzisha kwenye ofisi ya wageni ya huku, ada ni euro 411, na wakishatoa kibali cha awali ubalozi unatakiwa kukupa miadi ya viza ndani ya wiki tatu. Waajiri wengi hawajui upo. Waambie wewe.

Hatua ya 5: CV, barua, picha, jina

CV yao inaitwa Lebenslauf, kurasa mbili, mambo ya karibuni yanakaa juu, kila kitu na mwezi na mwaka. Pengo la miezi minne bila maelezo litaulizwa, hivyo usiache pengo, andika ulikuwa unasoma lugha, unatafuta kazi, unauguza mzazi, chochote cha kweli. Shule ya msingi toa. Majina ya wadhamini watatu na namba zao za simu kama tunavyofanya nyumbani, toa pia. Kikubwa kwao ni barua za tathmini kutoka kwa waajiri wa zamani, Arbeitszeugnis, ambazo nitazizungumzia mwisho. Kama nyumbani ulipewa barua ya utumishi ya mistari miwili yenye mhuri mkubwa, waombe wakuandikie mpya inayosema ulifanya nini hasa na kwa ubora gani.

Barua ya maombi, Anschreiben, ukurasa mmoja, na usiinakili. Wanajua. Niliwahi kutuma barua yenye jina la kampuni nyingine, walinijibu ndani ya dakika 20, ndo jibu la haraka kuliko yote niliyopata Ujerumani.

Sasa picha. Wajerumani wana kawaida ya kuweka picha kwenye CV, ila tangu sheria ya usawa ya 2006 mwajiri hawezi kukulazimisha. Uweke au usiweke? Mwaka 2016 mwanauchumi Doris Weichselbaumer alitoa utafiti wake, alituma maombi ya kubuni karibu 1,500 hapa Ujerumani, sifa zilezile na picha ya mwanamke yuleyule. Akiitwa jina la Kijerumani aliitwa intavyuu mara 18.8 kwa kila 100. Jina la Kituruki, 13.5. Jina la Kituruki akiwa amevaa hijabu, 4.2. Dada zangu wa Zanzibar na Mombasa, simwambii mtu avue mtandio, nasema tu picha sio lazima, itoe kwenye CV, ukifika intavyuu wakuone wewe na majibu yako. Mi niliitoa. Jina siwezi kulitoa, nalo ni refu kweli.

Na ukikataliwa kwa maneno yanayoonyesha wazi ni asili yako, dini au jinsia, usifute hiyo imeili. Una miezi miwili tangu ulipopata jibu kudai kwa maandishi, na kuna ofisi ya serikali ya kupinga ubaguzi inashauri bure. Ila wengi ni wajanja, wanaandika leider tupu.

Hatua ya 6: Wapi pa kutafuta

Tovuti ya wakala wa ajira wa serikali, Bundesagentur für Arbeit, ina matangazo mengi kuliko unavyofikiri na watu wetu hawaiangalii. StepStone, Indeed, LinkedIn mnazijua. Ila chimbo langu lilikuwa tofauti, nilichukua ramani ya mkoa nikaanza kuorodhesha viwanda na maghala yote yanayofikika kwa treni ndani ya dakika 50, nikaingia kwenye tovuti ya kila kimoja, ukurasa wa kazi. Matangazo mengine hayafiki kwenye tovuti kubwa kabisa.

Ukituma subiri wiki mbili, halafu piga simu. Kwao kupiga simu sio usumbufu, ilimradi uwe mfupi: jina, kazi uliyoomba, tarehe uliyotuma, mnategemea kuamua lini. Agosti na baada ya katikati ya Desemba usitegemee jibu, wako likizo, usijiue kwa mawazo.

Hapohapo niseme kuhusu wapigaji. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani walisaini mkataba wa mambo ya uhamiaji na ajira, kukavuma habari kwamba Ujerumani imefungua nafasi 250,000 kwa Wakenya. Wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani yenyewe ilikanusha, mkataba hauna namba yoyote. Lakini uvumi ukivuma na madalali wanaamka. Mwajiri wa kweli wa Ujerumani hakutozi hela ya mkataba, hakutozi hela ya intavyuu, na hakuna mtu mwenye nafasi za viza mfukoni. Ukiambiwa tuma kwanza ada ya kushikilia nafasi, ujue unapigwa. Mkataba ukitumiwa, tafuta kampuni wewe mwenyewe mtandaoni, chukua namba kwenye tovuti yao, sio ile iliyo kwenye mkataba, piga uulize.

Hatua ya 7: Boksi

Lazima ule na kodi ilipwe, sawa. Kima cha chini kwa saa kilikuwa euro 12.82 mwaka 2025, kuanzia Januari 2026 ni euro 13.90. Ghalani zamu za usiku zinaongezewa kidogo, na ukiwa na ile miezi 18 unaweza kupiga masaa kamili, hela inaingia, unatuma nyumbani, mama anafurahi, unajisikia mwanaume. Miezi inakatika. Nina rafiki zangu wawili saa zao zimeishia ghalani, kibali kimekufa wakiwa na akiba nzuri tu benki, na kazi ya ghalani ya kubeba haihesabiki kama kazi ya ujuzi kwa ajili ya kibali kirefu.

Mi nilijiwekea siku tatu za boksi, siku tatu za maombi, Jumapili naenda kanisani. Nyumbani nilipunguza kutuma, nikapigiwa simu na baba mdogo kwamba nimebadilika huku Ulaya, nikakubali nimebadilika. Ukishindwa kabisa, chukua kibarua kidogo kinachoitwa Minijob, kilikuwa na ukomo wa euro 556 kwa mwezi mwaka 2025 na 603 mwaka 2026. Ila usifanye kazi ya kulipwa mkononi isiyosajiliwa, hata mwenye mgahawa awe Mswahili mwenzako na anakuita mdogo wangu. Ukikamatwa kibali chako ndo kinaumia. Na ukidhulumiwa mshahara kuna ushauri wa bure kwa wageni unaitwa Faire Integration.

Hatua ya 8: Intavyuu

Fika dakika kumi kabla, sio tano baada, mnajua. Waite Sie, ile "wewe" ya heshima ya Kijerumani, mpaka wakwambie vinginevyo.

Shida yangu kubwa ilikuwa kwenye neno tulifanya. Tumelelewa hivyo, mtu hajisifu, unasema tulipunguza ucheleweshaji, tulipanga ghala upya. Wale wanasikia kwamba kuna watu walifanya na wewe ulikuwepo. Bosi mmoja aliniuliza kabisa, na wewe ulifanya nini? Nikajifunza kusema nilifanya, nilipanga, niliokoa masaa manne kila wiki, na kila mara nikisema nilihisi bibi yangu ananiangalia vibaya. Semeni hivyohivyo.

Swali la kibali lisikukute unababaika. Sentensi mbili, halafu unatoa ile karatasi yako kwenye bahasha unaisogeza mezani. Na swali la mshahara unaotaka, wanamaanisha kwa mwaka, kabla ya makato. Ukijibu kwa mwezi wanachanganyikiwa na wewe unaonekana huna habari. Mtu asiye na ndoa anakatwa kama theluthi hivi ya mshahara wa kawaida, kodi, bima ya afya, pensheni na mengine, hivyo usishtuke baadaye.

Wakiwa wakavu hawacheki hata kidogo usidhani umefeli. Walionichukua hawakucheka hata mara moja.

Hatua ya 9: Ofa imekuja

Kwanza angalia kama mshahara unafikia Kadi ya Bluu ya Umoja wa Ulaya, kibali cha wasomi wanaolipwa kuanzia kiwango fulani. Kwa aliyemaliza chuo ndani ya miaka mitatu na kwa fani zenye uhaba kiwango kilikuwa euro 43,759.80 kwa mwaka 2025, na 2026 ni 45,934.20. Wengine wote ni 48,300 na 50,700. Kinapanda kila Januari, hivyo kama umepungukiwa na euro mia mbili waombe waongeze, wengi wanakubali wakijua sababu. Ikiwa chini hujaharibikiwa, kuna kibali cha kawaida cha mtaalamu mwenye digrii, kinachotazamwa ni usilipwe chini ya Mjerumani wa kazi hiyohiyo, isipokuwa ukiwa umevuka miaka 45 kuna kiwango chake.

Peleka maombi siku ileile uliyosaini. Usisubiri miadi, miadi ya ofisi ya wageni ni kama mvua ya vuli, inakuja ikitaka. Tuma kwa mfumo wao wa mtandaoni au kwa barua yenye kumbukumbu, tarehe ya kupokelewa iwe kabla ya kibali kuisha, tunza risiti kama hirizi.

Sikiliza na hili, siku unajiandikisha makazi watakuuliza dini. Nilijibu kwa fahari kabisa Mlutheri, mtoto wa KKKT, nikadhani wananikaribisha. Mshahara wa kwanza nikakuta makato ya kanisa, asilimia 9 ya ile kodi ya mapato, kule Bavaria na Baden-Württemberg ni 8. Sijajitoa, nalipa, ila ningependa ningejua.

Hatua ya 10: Miezi sita ya kwanza

Miezi sita ya mwanzo kwa kawaida ni majaribio, wanaweza kukuachisha kwa notisi ya wiki mbili bila maelezo. Ikitokea una wiki mbili za kuitaarifu ofisi ya wageni, usijifiche, wakikuta umekaa kimya ndo inakuwa kesi. Ukiitaarifu mapema mara nyingi wanakupa muda wa kutafuta nyingine.

Na popote unapoondoka, hata ghalani, dai Arbeitszeugnis ni haki yako. Hapa kuna lugha ya siri. Sheria inataka barua iwe na maneno ya kirafiki, hivyo Wajerumani wametengeneza alama ndani ya sifa. Stets zu unserer vollsten Zufriedenheit ndo A. Vollsten ikigeuka vollen ni B. Stets ikitoka, C. Ikibaki zu unserer Zufriedenheit tupu, wameridhika tu, hiyo ni D, na kila HR anaijua. Mimi barua yangu ya ghalani iliandika kwamba nilijitahidi, bemüht, nikaifurahia, nikaipiga picha nikamtumia mama, maana kwetu mtu akisema kijana anajitahidi amekusifia. Mwalimu wangu wa jioni aliposoma alishika kichwa. Kujitahidi kwao maana yake alijaribu akashindwa. Niliituma maombi mangapi ikiwa hivyo? Daftari linasema 61. Niliwarudishia na barua ya kuomba irekebishwe, wakaniandikia nyingine ndani ya wiki tatu, stets zu unserer vollen, na kwenye ombi la 104 nikaanza kuambatanisha hiyo pamoja na ile karatasi ya mwajiri.